Injini Nayo Yahitaji Hewa ya Baridi

Wenye magari wengi huuliza kwa nini gari lililokuwa na nguvu alfajiri hulegea mchana, hasa katika msongamano wa mjini. Sababu moja ni hewa. Injini haili petroli peke yake. Kwa kila gramu 1 ya petroli huhitaji kadiri ya gramu 15 za hewa. Nayo hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa ya digrii 60 ni pungufu kwa uzito, kiasi cha sehemu 12 katika 100, kuliko hewa ya digrii 20 iliyo katika chombo kile kile. Kwetu bara hasara huzidi, maana Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi tangu hapo.

Basi wako mafundi wamshaurio mwenye gari aondoe sanduku la chujio la hewa, atie chujio lililo wazi. Gari hunguruma kwa sauti mpya, naye hufurahi. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Chujio hilo, likiwa wazi chini ya boneti karibu na ekzosi, huvuta hewa ya moto, hali magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na bomba la kuleta hewa ya nje. Mtu huyo amelipa fedha ili apunguziwe nguvu.

Njia iliyo bora ni hii. Kwanza, tazama kama bomba la kiwandani limepasuka au limechomoka. Pili, tia kipimajoto cha waya ndani ya sanduku, upime gari likiwa katika mwendo, kisha ulinganishe na joto la nje. Tofauti ikiwa ndogo, usikate kitu. Ikiwa kubwa, weka kinga ya bati la alumini kati ya ekzosi na sanduku, isiguse nyaya, na ulete hewa kutoka mbele kwa bomba pana.

Hata hivyo, mdomo wa bomba usiwekwe chini. Injini ikinywa maji ya mto au ya dimbwi, vyuma viendeshavyo pistoni hupinda, maana maji hayashindiliki. Wala usiendeshe pasipo chujio, kwa kuwa vumbi la barabara zetu husaga injini. Pima kwanza, ndipo ukate.