Kabla ya selfie kwenye lango jekundu, nawa kwanza

Kama wewe ni mtu wa anime, lile lango jekundu umeliona mara kibao kwenye skrini. Linaitwa torii. Ukilipita, umeingia eneo la hekalu la Shinto, dini asilia ya Japani. Siku ukifika huko, usikimbilie selfie. Kuna maji yanakungoja.

Karibu na lango utakuta beseni kubwa la jiwe na kata zenye mpini mrefu. Chota mara moja tu. Maji hayo yakutoshe hadi mwisho. Nawa mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue mdomo, lakini kata yenyewe usiipeleke mdomoni, tafadhali! Nawa tena mkono wa kushoto. Kisha isimamishe kata wima, maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini, ndio anayekufuata aikute safi.

Sasa, hapo umeosha nini? Si dhambi. Wajapani wana neno kegare, yaani uchafu usioonekana unaomshika mtu akikutana na kifo, ugonjwa au damu. Hujamkosea mtu, umeishi tu. Ndiyo maana wengi wakitoka mazishini hujinyunyizia chumvi kabla ya kuingia nyumbani. Na kila Juni 30 na Desemba 31, mahekalu hufanya ibada ya kuwatakasa watu wote kwa pamoja.

Hata miungu haikuponea. Kitabu cha Kojiki cha mwaka 712 kinasimulia jinsi Izanagi alivyomfuata mkewe kuzimu, akarudi na uchafu wa mauti, akaingia mtoni kuoga. Aliponawa jicho la kushoto, akazaliwa Amaterasu, mungu wa jua.

Poa kabisa, ama? Ngoja kidogo.

Wanamieleka wa sumo nao hurusha chumvi kuutakasa ulingo. Lakini mwanamke haruhusiwi kuukanyaga, na damu ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Aprili 2018, meya wa mji wa Maizuru alizirai akihutubu ulingoni. Wanawake wakapanda mbio kumpa huduma ya kwanza. Refa akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wanawake washuke! Mtu yuko chini, anapiganiwa uhai. Baadaye mwenyekiti wa chama cha sumo aliomba radhi, lakini marufuku yenyewe ikabaki.

Kuna pia Waburakumin, ambao mababu zao walichinja wanyama, kutengeneza ngozi na kushughulikia maiti. Uchafu wa kazi ukageuzwa uchafu wa ukoo. Tabaka hilo lilifutwa kisheria mwaka 1871, lakini ubaguzi dhidi yao haukuisha. Mwaka 2016 ilibidi bunge la Japani lipitishe sheria nyingine ya kuupiga vita.

Umeona tofauti? Kwenye beseni, uchafu ni kitu kinachompata kila mtu na kuoshwa kwa kata moja ya maji. Ulingoni, na kwa Waburakumin, umekuwa jina la mtu, na hakuna maji anayopewa aoshe.

Kwa hivyo ukifika, nawa bila wasiwasi, mpini usiusahau. Halafu tuambie: mila ya kumtakasa kila mtu ikianza kuwafungia wengine nje, bado inatakasa?