Kongwe, Sugu, Ghali: Rekodi za Tovuti za Zamani

Maandishi meusi juu ya weupe, na viungo vya buluu vilivyopigiwa mstari. Basi. Hivyo ndivyo inavyoonekana tovuti kongwe kuliko zote duniani, ile aliyoitengeneza Mwingereza Tim Berners-Lee mwishoni mwa 1990 alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ilikaa ndani ya kompyuta moja aina ya NeXT, na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa seva ya kwanza na ya pekee, ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu kuwaonya watu wasiizime. Mwaka 2013 CERN waliirudisha hewani kwenye anwani yake ya awali, info.cern.ch, wakitumia nakala ya 1992, ya zamani kuliko zote walizofanikiwa kuzipata. Wenyewe waliovumbua wavuti walilazimika kuutafuta ukurasa wao wa kwanza kama mtu anayetafuta picha ya babu yake.

Rekodi ya ukubwa wa umaarufu kwa udogo wa picha inakwenda Cambridge, Uingereza. Watafiti wa kompyuta wa chuo kikuu pale walikuwa na buli moja tu la kahawa, nao wengine walikaa vyumba vya mbali. Kwetu pwani muuza kahawa hukuletea dele hadi barazani. Wao walipanda na kushuka ngazi, wakafika wakakuta buli tupu. Mwaka 1991 wakaelekeza kamera kwenye buli hilo ili kila mtu aangalie kutoka mezani kwake kama kahawa ipo. Novemba 1993 picha hiyo ikaingizwa kwenye wavuti: haina rangi, pikseli 128 kwa 128, ndogo kama stempu ya posta kwenye skrini za leo. Watu wa mabara yote wakawa wanachungulia kahawa isiyowahusu. Kamera ilizimwa Agosti 2001, na buli lenyewe, bovu, likauzwa mnadani kwa pauni 3,350 kwa jarida la Spiegel la Ujerumani.

Tovuti sugu kuliko zote, kwangu mimi, ni ya filamu ya Space Jam ya 1996, ile ya Michael Jordan na sungura Bugs Bunny. Usiku mweusi wenye nyota, na sayari zimepangwa kwa mduara. Kila sayari ukiibofya inakupeleka chumba kingine. Tovuti za filamu hufa filamu ikishatoka majumba ya sinema. Hii haikufa. Filamu ya pili ilipotoka 2021, wenye mali waliihifadhi ile ya zamani kwenye anwani nyingine badala ya kuifuta, na nyota zake bado ziko palepale. Nawapongeza kwa dhati.

Kwa wepesi, karibu tovuti yoyote ya enzi ile ingetwaa kombe, na sababu haikuwa mapenzi bali njia. Modemu ya simu ya mwisho wa miaka ya 1990 ilipitisha, ikijitahidi sana, kilobaiti 7 kwa sekunde. Nakumbuka kafe ya intaneti ya mtaani kwetu, kompyuta kadhaa zikigawana laini moja: picha ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, nywele kwanza, paji la uso, macho, na dakika ulizolipia zinakwenda. Mtengeneza ukurasa aliyetaka asomwe ilibidi awe na huruma. Alichukua kipande kidogo cha picha akakirudufu hadi kikajaza ukurasa mzima kama kanga iliyotandikwa, kwa sababu kipande kimoja kilipakuliwa mara moja tu. Ukurasa wa kawaida wa leo unazidi megabaiti 2. Kwa modemu ile ungekuchukua karibu dakika 5, na hata leo unakula bando la mtu aliyefungua kusoma habari ya aya tatu.

Ndiyo maana ninaiheshimu tovuti ya Berkshire Hathaway, kampuni ya Marekani iliyokuzwa na Warren Buffett. Thamani yake sokoni ilivuka dola trilioni 1 mwezi Agosti 2024, na bado ukurasa wake wa mbele ni orodha ya viungo tu, bila madoido. Kwa uwiano wa utajiri na urembo, sijui mshindani.

Sifa mbaya kuliko zote wanapewa wale waliotuletea maandishi ya kuwakawaka, zawadi ya kivinjari cha Netscape. Firefox, kimojawapo cha vivinjari vilivyokuwa bado vinayaonyesha, kiliyaondoa Agosti 2013. Hayo sikuyalilia.

Ghali kuliko zote kwa kila nukta ni kazi ya kijana Mwingereza, Alex Tew, ambaye mwaka 2005, akitafuta ada ya chuo, alichora mtandaoni mraba wa pikseli milioni 1 na kuuza kila pikseli kwa dola 1 kwa wenye kutaka kutangaza. Zile 1,000 za mwisho zilipigwa mnada Januari 2006 zikafika dola 38,100. Jumla: dola 1,037,100. Ukurasa upo hadi leo, umejaa vinembo kama ukuta wa gereji, lakini ukibofya utakuta vingi vya viungo vyake vinaelekea mahali ambapo hapapo tena. Walionunua walidhani wananunua kibao cha kudumu.

Rekodi ya msiba naipa GeoCities bila kusita. Ilianzishwa California mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Mtu alipewa bure kiwanja cha kujengea tovuti, akachagua mtaa wa kuhamia: wapenda sinema Hollywood, wenye kuamini visahani vya angani Area51, wasomi Athens. Anwani yako ilibeba jina la mtaa na namba ya nyumba. Humo watu wasiowahi kusomea usanifu walijijengea. Maandishi ya njano juu ya zambarau. Mshumaa unaowaka kwa ajili ya marehemu. Kibao cha fundi mwenye sepetu kikitangaza kuwa ujenzi unaendelea, na mara nyingi uliendelea miaka. Kihesabio cha wageni chini kabisa, na kitabu cha wageni ambacho uliombwa, kwa adabu, utie jina. Wataalamu walizicheka kurasa hizo. Mimi nasimama upande wa wenye nyumba: kila rangi pale ilichaguliwa na mtu, naye aliichagua kwa sababu aliipenda. Leo tuna kurasa mamilioni zilizokatwa kwa kitambaa kimoja, na mwenye ukurasa haruhusiwi kubadili hata rangi ya ukuta wake.

Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa takriban dola bilioni 3.6. Tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga, isipokuwa tawi la Japani lililoendelea hadi 2019. Kikundi cha watu wa kujitolea, Archive Team, kikiwa na Jason Scott, kilikesha kikinakili kilichowezekana, na mwaka uliofuata kikauachia umma zaidi ya gigabaiti 640. Kutoka rundo hilo wasanii Olia Lialina na Dragan Espenschied wamekuwa wakizifufua kurasa hizo moja moja na kuzionyesha zilivyokuwa.

Tarehe hiyo ya kufungwa inanichoma kwa sababu ya nyingine iliyoitangulia. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, uliozifikia Dar es Salaam na Mombasa kupitia baharini, ulizinduliwa 23 Julai 2009. Tulipopata barabara ya lami, ule mtaa ulikuwa umebakiza miezi mitatu kuvunjwa. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa kimeshatia mguu mapema: mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mtandaoni, ulianza Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, mwaka uleule wa GeoCities.

Ghala kubwa kuliko yote ya kurasa za zamani ni Wayback Machine ya Internet Archive, shirika aliloanzisha Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco. Oktoba 2025 lilitangaza kufikisha kurasa trilioni 1. Nenda web.archive.org, andika anwani ya zamani ya shule yako, ya klabu yako, ya gazeti la nyumbani, uone kama imo. Kama bado iko hewani na haimo, palepale pana nafasi ya kuiingiza. Na kama una flopi au CD kabatini yenye ukurasa uliojenga ukiwa kijana, usingoje sikukuu. Inakili wiki hii.