Anayezungusha kaye ya mchango: kazi kubwa isiyopigiwa makofi

Kyavinyonge, teritware ya Beni – Mvuvi akizama katika Ziwa Edouard, habari inafika bandarini kabla ya mwili kupatikana. Wanaume wanaingia ndani ya mitumbwi kwenda kutafuta. Mama wanakusanyika kwa mjane. Na karibu kila mara kuna mtu wa tatu ambaye hakuna anayemwangalia sana: anachukua kaye na biki, anaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Huyu ametoa franka mia tano, yule elfu mbili, mwingine hana feza ila analeta samaki. Kila kitu kinaandikwa. Jioni, familia inapata sanduku, chakula cha wageni na kitu kidogo cha kuanzia maisha.

Huyo mtu wa kaye anafanya kazi ambayo katika nchi nyingine ina masomo yake, vyama vyake na sheria zake. Ni kazi ya kukusanya feza kwa ajili ya wengine. Huku kwetu wengi wanaiona kama bahati mbaya tu: "wamemtuma aombe-ombe." Lakini hospitali, masomo, makanisa na vyama vingi vya jimbo vilisimama juu ya watu wa namna hiyo. Leo, wakati feza za kutoka ngambo zinapungua, kazi yao imekuwa jambo la kufa na kupona.

Kuomba si kuchangisha

Kwanza kutofautisha. Mwenye kuomba-omba anatafuta chake mwenyewe, na feza ikiingia mfukoni mambo yamekwisha. Mwenye kuchangisha anatafuta kwa ajili ya jambo la wote, na feza ikiingia njo kazi inaanza: kuilinda, kuitumia kwa kile kilichosemwa, na kurudi kwa waliotoa kuwaeleza imekwenda wapi.

Kazi hiyo ina hatua zake. Kwanza, kujua haja yenyewe kwa hesabu: si kusema "masomo yameharibika", bali kusema mabati ni ngapi, misumari kilo ngapi, fundi analipwa kiasi gani. Pili, kuanza na wa karibu, kwa sababu mgeni hawezi kutoa ikiwa wenyewe wamekunja mikono. Tatu, kuandika kila anayetoa na kumpa resu. Nne, kushukuru. Tano, kutoa hesabu mbele ya watu, hata kama feza haikutosha. Mwenye kuruka hatua ya mwisho anaweza kupata mchango mara moja. Mara ya pili watu watafunga milango.

Kyavinyonge inajua jambo hili vizuri. Ni moja ya bandari tatu za uvuvi zinazokubaliwa na sheria upande wa Kongo wa Ziwa Edouard, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, na iko ndani ya eneo la Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mashamba ni shida, kwa hiyo maisha yanategemea samaki. Samaki wakikosa, kila nyumba inasikia siku ileile. Mwaka 2024, vita ilipofika Vitshumbi, kuna familia zilizokimbia kando ya ziwa kuelekea kaskazini. Katika hali kama ile, mkeka wa kwanza na sufuria ya kwanza hutoka kwa jirani, kabla gari la shirika lolote halijafika.

Askofu aliyejua kuchangisha

Katika Butembo na Beni, jina moja linarudi kila mara watu wakizungumza juu ya kujijenga wenyewe: Monsinyeri Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wa Butembo-Beni toka mwaka 1966 mpaka 1997. Katika miaka ile serikali ya Zaire ilikuwa imeacha mambo mengi: barabara zinakatika, walimu hawalipwi, vijana wanaomaliza masomo ya sekondari lazima waende mbali kutafuta yunivasiti, ikiwa wazazi wana uwezo.

Mwaka 1989 Yunivasiti Katolika ya Graben, ile wote wanaiita UCG, ilianzishwa Butembo. Kataliko hakuwa na mgodi wala benki. Alichokuwa nacho ni diosezi yenye parokia mpaka vijijini, wafanyabiashara wa Butembo waliozoea kujitegemea, na waumini waliomwamini. Njo mtaji wa kwanza wa kila mwenye kuchangisha: kuaminiwa. Daktari au mwanasheria aliyesomea UCG bila kuvuka mpaka anakula matunda ya michango ya watu ambao wengi wao hawakuingia hata siku moja katika darasa la yunivasiti.

Baadaye Kataliko akawa askofu mkuu wa Bukavu. Mwaka 2000 uasi wa RCD ulimzuia kukaa Bukavu kwa miezi saba, akarudishwa Butembo. Alikufa Roma mwezi wa kumi mwaka huohuo. Watu wanamkumbuka kwa ujasiri wake mbele ya wenye silaha. Lakini ujasiri wa kusimama mbele ya maskini na matajiri, kuwaambia "jambo hili ni letu, tulifanye," nao unastahili kukumbukwa.

Tena hakuuanza kutoka hewani. Wayira wana kyaghanda, mahali wazee wanapokaa kando ya moto kuzungumza mambo ya ukoo. Neno hilohilo leo ni jina la jamii ya Wayira inayosaidiana katika miji mbalimbali. Jambo la wote linaletwa mbele ya wote: huo ni mzizi wa zamani.

Kese yenye kufuli tatu

Upande wa akina mama, shule ya kuchangisha ni AVEC. Namna hii ya kuweka feza pamoja ilianzia Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, kisha ikaenea Afrika yote. Wanachama ni kama 15 mpaka 25. Kila wiki wanakutana, wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Kese ina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Feza inahesabiwa mbele ya wote.

Chukua mfano wa mama 20 wauza samaki. Hisa moja ni franka 2.000, na kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki. Ni franka 120.000 kila wiki. Wiki 40 zikipita, ni franka 4.800.000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Pembeni, kila mama akiweka franka 500 katika kese ya msaada, baada ya wiki hizo 40 kuna franka 400.000 kwa ajili ya ugonjwa, kifo na uzazi. Haikutoka Kinshasa wala Geneva. Imetoka katika beseni za samaki.

Tofauti na likirimba ya zamani ni kwamba hapa hakuna kungojea zamu yako ya kupokea. Mwenye shida leo anaweza kukopa leo. Na mama anayeandika kaye ya AVEC, hata kama amefika darasa la sita tu, anafanya kazi ya mhasibu.

Mama Gilmore na mikate ya "popote"

Jambo hili si la Kivu peke yake. Mwaka 1955, katika mji wa Montgomery kusini mwa Marekani, Weusi walikataa kupanda basi zilizowalazimisha kuachia Wazungu viti. Mgomo ulidumu siku 381. Wote wanamjua Rosa Parks na Martin Luther King. Wachache wanamjua Georgia Gilmore.

Gilmore alikuwa mpishi. Aliona kwamba mgomo unataka feza: mafuta ya magari ya kubeba watu kazini, matengenezo, malipo ya mawakili. Akakusanya wanawake wenzake, wakapika kuku, mikate na keki, wakauza kimya-kimya. Walijiita "Chama cha Kutoka Popote Pale", kwa sababu wengi walifanya kazi katika nyumba za Wazungu na wangefukuzwa kama ingejulikana. Akiulizwa feza imetoka wapi, mtu anajibu: haikutoka popote. Feza ile ilipelekwa katika mikutano na kutolewa mbele ya watu. Kuna mama wa Kyavinyonge ambaye angemwelewa Gilmore bila mkalimani.

Kule Marekani kazi hiyo imekuwa taaluma kamili, yenye watu walioajiriwa na hospitali na yunivasiti. Lakini kwa miaka mingi viongozi wake walikuwa karibu wote Wazungu. Mwaka 1999 Birgit Smith Burton, mwanamke Mweusi, alianzisha mtandao wa Weusi wanaofanya kazi hiyo, wapate kufundishana na kupandishana. Baadaye yeye mwenyewe akachaguliwa kuongoza chama kikubwa cha taaluma hiyo, AFP, kilichoanzishwa mwaka 1960. Chama hicho kina kanuni moja ya kukumbuka huku kwetu: mwenye kuchangisha asilipwe asilimia ya feza aliyokusanya. Akifanya kazi ya siku nzima, alipwe mshahara unaojulikana. Asilimia inamsukuma kudanganya.

Harambee na hatari yake

Jirani zetu Wakenya walifanya mchango kuwa neno la taifa. Baada ya uhuru wa 1963, Jomo Kenyatta aliita wananchi kwa neno "Harambee", na shule nyingi za sekondari zikajengwa kwa michango ya wazazi. Mwaka 2011, ukame ulipopiga kaskazini mwa Kenya, Msalaba Mwekundu, makampuni na vyombo vya habari waliita watu watoe, hata kwa simu. Kwa muda mfupi shilingi zaidi ya milioni 500 zilipatikana, nyingi kutoka kwa Wakenya wenyewe.

Lakini harambee ilionyesha pia upande mubaya. Wanasiasa walianza kuja na bahasha nene kutafuta kura, na watumishi wa serikali wakalazimisha watu kutoa. Njo maana sheria ya mwaka 2003 iliwawekea watumishi wa umma mipaka katika kuchangisha. Mchango wa lazima si mchango tena. Ni kodi isiyo na resu, na watu wa barabara zetu zenye vizuizi wanaijua tofauti hiyo.

Kwa nini sasa

Mwaka 2016 nchi tajiri na mashirika makubwa yaliahidi kwamba robo ya feza za msaada wa dharura itafika kwa mashirika ya wenyeji kabla ya mwisho wa 2020. Ahadi hiyo haikutimia. Mwanzo wa 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na mashirika mengi yaliyofanya kazi Kivu na Ituri yakapunguza wafanyakazi. Mwezi uleule Goma ikaanguka mikononi mwa AFC/M23, na benki zake zikafunga.

Katika picha za misaada, mkono unaotoa mara nyingi ni mweupe na unaopokea ni mweusi. Picha ile inaficha kaye ya michango, kese ya AVEC, sadaka za parokia na feza ambazo ndugu walio Kampala, Kinshasa au Ulaya wanatuma kwa simu. Kusherehekea viongozi wetu wa kuchangisha si kujisifu. Ni kusahihisha hesabu.

Lakini sherehe bila masharti ni hatari. Kila kijiji kina hadithi ya mchango uliopotea, na kila mchango uliopotea unamnyima kitu mgonjwa wa kesho. Kabla ya kutoa, mtu yeyote ana haki ya kuuliza maswali matano:

- Feza ni ya jambo gani, na inatakiwa kiasi gani?
- Nani wanaitunza? Ni zaidi ya mtu mmoja?
- Ikiwa ni kwa simu, namba imeandikwa kwa jina la nani?
- Nitapata resu au jina langu litaandikwa?
- Hesabu itasomwa lini na mbele ya nani?

Kikundi kinachotaka kupokea feza kubwa kinaweza pia kutafuta hati zake. Sheria namba 004 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 njo inaongoza vyama visivyotafuta faida katika Kongo.

Mwenye kuchangisha kwa haki hatakasirika kwa maswali hayo. Atafungua kaye. Na akiisha kusoma hesabu mpaka franka ya mwisho, watu wanaweza kumfanyia jambo ambalo mara nyingi linasahauliwa: kutaja jina lake mbele ya wote, na kumwambia aksanti. Haitagharimu hata franka moja. Kisha wamtafutie kijana wa kukaa kando yake na kujifunza, kwa sababu ziwa litachukua mtu mwingine siku moja, na lazima awepo wa kuchukua kaye.