Maji ya Kahawia Bombani: Kuchemsha Hakutoshi

Asubuhi moja nilifungua koki ya jikoni nimtengenezee mtoto maziwa ya kopo. Maji yalitoka na rangi kama ya chai. Nyumba tunayopanga hapa Arlington ni ya miaka ya 1950. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kunisaidia kulea, hakushtuka. "Yachemshe tu, mwanangu." Ndivyo tulivyolelewa: maji yakitia shaka, yabandike jikoni.

Fundi bomba alipokuja, alianza na maswali. Je, ni maji ya moto tu yenye rangi? Basi kutu na mashapo yako ndani ya tangi la kupashia maji. Ni koki moja tu? Tafuta kasoro kwenye bomba linaloelekea hapo. Ni koki zote, na kwa jirani pia? Huenda bomba kuu la mtaa limepasuka au linasafishwa, na mashapo yametibuka.

Kwetu yalikuwa maji ya baridi, kila asubuhi, na yalitakata baada ya dakika chache. Fundi akachungulia chini ya sakafu: mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyotumika sana Marekani hadi miaka ya 1960. Zinki ikilika, chuma hushika kutu kwa ndani. Maji yakilala humo usiku kucha, asubuhi hutoka na rangi.

Kutu huharibu nguo nyeupe, lakini kwa kawaida si sumu. Kilichoninyima usingizi ni madini ya risasi. Hayana rangi, harufu wala ladha, na hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani ilipiga marufuku mabomba na lehemu za risasi kwenye maji ya kunywa mwaka 1986. Nyumba za kabla ya hapo zinaweza kuwa nazo bado. Kuchemsha hakuondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke, risasi inabaki na kukolea.

Tulipeleka sampuli maabara, na mtoto akanywa ya chupa hadi majibu yalipotoka: risasi haikuonekana. Hata hivyo, maziwa yake tunayatengeneza kwa maji ya koki ya baridi, yaliyopita kwenye chujio lililothibitishwa kuondoa risasi.

Siku hizi mama ndiye mlinzi wa koki. Kila alfajiri namsikia: "Yaache kwanza yatiririke, mwanangu. Ndipo uyachemshe."