Imani ya Siasa Ina Mizizi

Ndugu msomaji, wewe una imani yako ya siasa. Jirani yako naye ana yake. Je, imani hizo zimetoka wapi?

Tukumbuke mwaka 1991. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza Watanzania: Tuendelee na chama kimoja, au tuwe na vyama vingi? Katika kila watu 100 waliotoa maoni, karibu 80 walitaka chama kimoja. Karibu 20 walitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Watu hao waliishi nchi moja. Mbona walitofautiana?

Kila mtu husema aliyoyaona. Mzee mmoja alijifunza kusoma katika elimu ya watu wazima miaka ya 1970. Aliona faida ya umoja. Mwingine alihamishiwa kijiji kipya mwaka 1974, akaacha nyumba na miembe yake. Aliona uchungu wa kuamriwa. Wote wawili wanasema kweli. Wengine hurithi imani ya wazazi wao, kama mtu anavyorithi shamba.

Mahindi yakiwa ya njano, bwana shamba hatukani mahindi. Huchunguza udongo. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kubishana, muulize jirani: "Umepitia nini, ndugu yangu?" Kisha jiulize wewe mwenyewe.

Siku ya kura mnaweza kuchagua tofauti. Kesho yake mtateka maji kisima kimoja.