Ukinunua Programu, Umenunua Nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa kununua programu ya simu ni sawasawa na kununua baiskeli: umelipa, ni yako, waweza kwenda nayo utakako, hata kumwuzia mwenzio. Sivyo. Unachopewa ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo haikai ndani ya simu. Huandikwa katika daftari la duka, chini ya jina la akaunti yako. Simu yaweza kutumbukia mtoni na ruhusa isipotee. Lakini ukiipoteza akaunti, hata simu ikiwa nzima mkononi, huna kitu.

Apple walifungua duka lao la programu mwezi wa Julai 2008, nao Google wakafungua lao mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kila duka lina daftari lake, wala madaftari hayo hayasomani. Aliyenunua mchezo wa Minecraft katika duka la Google, kisha akahamia iPhone, hana budi kuulipia tena, ingawa mchezo ni ule ule. Lakini akitoka Samsung kwenda Tecno, zote zikiwa za Android, ataingia kwa akaunti yake ya zamani na kuukuta mchezo unamngoja.

Ziko programu zinazotolewa bure, ila sehemu nyingine zimefungwa mpaka ulipe. Hapa ndipo wengine hulipa mara mbili bila sababu. Sheria za Apple zamtaka mtengenezaji aweke njia ya kurudisha yaliyokwisha kulipiwa. Basi ukibadili simu, kabla ya kutoa fedha tafuta kwanza kitufe cha kurejesha ununuzi. Vitu vya kutumika vikaisha, kama sarafu za mchezo, havirudi. Hivyo umekwisha kuvila.

Iko njia ya pili, nayo ni daftari la mtengenezaji mwenyewe. Chukueni Kindle, programu ya Amazon ya kusomea vitabu. Kitabu ukinunuacho huko huandikwa kwa Amazon, kwa hiyo chafunguka katika iPhone, katika Android, hata katika kompyuta. Lakini mwaka 2011 Amazon waliondoa kitufe cha duka katika Kindle ya iPhone, na kwa miaka mingi msomaji aliweza kusoma humo bila kuweza kununua humo. Sababu ilikuwa fedha. Apple walitaka kila kitabu kinachouzwa ndani ya programu kiuzwe kwa njia yao, nao wakate 30 kwa mia. Wala hawakuruhusu programu ionyeshe njia ya kwenda kununua kwingine. Kwa maoni yangu mwenye soko ana haki ya kutoza ushuru, lakini kumkataza mchuuzi asiseme ya kuwa ana duka jingine ng'ambo ya barabara ni kupita kiasi. Hakimu mmoja wa California aliona vivyo hivyo katika kesi ya kampuni ya Epic Games, na mwezi wa Aprili 2025 akawaamuru Apple wasiwazuie watengenezaji kuwaonyesha wanunuzi wa Marekani njia ya nje. Mwezi uliofuata Kindle ikawawekea watu wa huko kitufe cha kuwapeleka dukani.

Sasa neno kwa wale wanunuao simu zilizokwisha kutumika. Mwuzaji hukwambia, “Hii imejaa programu za kulipia,” na hapo hapo bei hupanda. Usiongeze hata senti moja kwa ajili ya hizo. Zimeandikwa kwa jina la mwenye simu wa kwanza. Katika iPhone, siku utakapotaka kuzipata katika toleo jipya utaulizwa neno lake la siri, nawe hulijui. Tena mwambie aondoe akaunti yake mbele ya macho yako kabla hujahesabu fedha, maana iPhone iliyofutwa ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mtu haikubali kuanza upya bila yeye, wala duka halitakusaidia.