Kutu ya Milimani na Dawa Yake

Sisi watu wa pwani tumezoea kuisingizia bahari kila gari linapoliwa na kutu. Mpelekee lawama hizo mtu wa Sotik, kule Bomet kwenye mashamba ya chai, atakucheka. Yeye hana bahari, lakini ana mvua karibu kila mwezi na usiku wa baridi. Gari kuukuu likilazwa uani miaka miwili mitatu, hewa yenye unyevu huingia ndani ya injini kupitia vali zilizobaki wazi, ikageuka jasho kwenye kuta za silinda. Maji na hewa vikishakutana na chuma, kutu imezaliwa; chumvi yetu huiharakisha tu.

Taabu huja siku gari linapotakiwa. Majani ya chai yaliyochumwa hayangoji, nayo injini imekamata. Wengi hulifunga gari kamba wakalivuta, au wakaipiga pistoni nyundo. Hapo ndipo injini iliyokuwa bado na uhai inapouawa: ringi hukatika, pistoni ikapasuka, na gharama ya matengenezo ikapita thamani ya gari lenyewe.

Fundi mstahamilivu hufungua plagi, akatia katika kila tundu mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, akayaacha siku kadhaa, hata wiki. Kisha huizungusha krenki kwa spana, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila ya hasira. Ikikataa, huongeza mafuta akangoja tena. Na kabla ya kuwasha humwaga oili yote ya chini, maana mafuta ya taa yameshashukia humo.

Injini ikifunguliwa, vipande vya chuma kitupu vina dawa nyingine, nayo imo Kenya humuhumu: magadi, yanayochimbwa Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Tia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 za maji, ndani ya pipa la plastiki. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 hufungwa kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Usitie chumvi, itatoa hewa ya sumu. Wala usitumie chuma kile kisichoshika kutu, huacha sumu majini. Mapovu yanayopanda ni haidrojeni, nayo huwaka: kazi hii ni ya nje, na sigara ibaki mfukoni. Zima chaja kabla ya kutia mkono.

Bibi zetu wanaosugua masinia ya shaba kwa ukwaju watauliza kama haufai hapa. Unafaa, kwa nati na boliti zilizolala humo usiku mmoja. Lakini si ukwaju wala magadi yanayoipatana aluminiamu, nayo pistoni aghalabu ni aluminiamu. Peugeot 404, mshindi wa Safari Rally mwaka 1963, kisha mara 3 mfululizo, 1966 hadi 1968, ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Anayevitumbukiza vyote katika pipa moja atatoa bloku safi na hedi iliyoliwa.

Kipande kikitoka majini kikaushwe na kupakwa oili saa ileile. Kwa unyevu wa Sotik, kilichoachwa kitupu asubuhi kitakuwa na wekundu mpya kabla ya adhuhuri. Ama silinda iliyokwisha kuchimbika mashimo, hiyo hailowekwi: huchongwa upya, au, kwa Peugeot hiyo, ule mwanzi wake wa ndani hung'olewa ukatiwa mwingine.